Kompyuta Mpakato ya Kubadilisha Spea: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Tanga

Kompyuta mpakato zinazofikishwa kwa mafundi wa Ngamiani zikiwa zimekufa, ni nadra kukuta zimekufa kwa uchovu wa prosesa. Nyingi zina kibodi ambayo herufi tatu nne hazishiki, tundu la chaji linalocheza, betri iliyovimba au bawaba iliyong'oka na plastiki yake. Hivyo ni vitu vya bei ndogo, lakini huitupa jalalani mashine ya bei kubwa kwa sababu kiwandani vimegundishwa au vimechomelewa mahali pasipofikika. Kompyuta za kubadilisha spea zilibuniwa kwa ajili ya tatizo hilo hilo, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua moja, kuiagiza, kuifungua na kuiboresha ukiwa Tanga, mji ambao hewa ya chumvi na umeme wa kukatika havimpi raha mwenye kifaa chochote cha elektroniki.

Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji ajue ninakoelekea. Kwa mtu anayeishi pwani, swali la kwanza la kununua ni kitu gani kitaharibika mapema na spea yake itamfikia kwa njia gani. Kasi ya prosesa na ukubwa wa diski hufuata baadaye, tena kwa mbali.

Hatua ya kwanza: Andika kazi zako, kisha andika maradhi ya mashine yako ya zamani

Chukua karatasi uandike kazi unazozifanya kila siku na mahali unapozifanyia. Mhasibu wa wakala wa forodha karibu na bandari huandika tarakimu kutwa nzima, mwalimu wa Muheza huandaa mitihani usiku umeme ukiwa umekatika, na mwanafunzi hubeba mashine yake mgongoni ndani ya daladala iliyojaa. Hawa watatu hawafai kununua mashine ya aina moja, hata kama fedha zao zinalingana. Chini ya kila kazi andika kilichoharibika katika mashine uliyokuwa nayo.

Mteja hukaa kwenye benchi na kusema, «Fundi, mimi nitafutie yenye kasi tu.» Nami humjibu, «Sawa mwalimu, lakini hii ya zamani imekufa nini?» Hapo ndipo hubainika kwamba ile ya zamani ilikuwa na kasi ya kumtosha kabisa, ila herufi A haishiki, na hakuna aandikaye Kiswahili anayeweza kumaliza hata mstari mmoja wa barua bila A.

Hatua ya pili: Chagua ukoo wa mashine

Ukoo unaojulikana zaidi kwa sasa ni ule wa Framework, kampuni ya San Francisco iliyoanzishwa na Nirav Patel, ambayo mashine yake ya kwanza ilitoka mwaka 2021. Mashine hiyo, ambayo leo huitwa Framework Laptop 13, ina kioo cha inchi 13.5 chenye uwiano wa 3 kwa 2, yaani kirefu kwenda juu kuliko vioo vya kawaida, jambo linalomfaa mtu wa nyaraka kuliko mtu wa filamu. Kumbukumbu (RAM), diski, betri, kioo, kibodi, spika, bawaba na hata bodi kuu, ambayo mafundi tunaiita madabodi, vyote huuzwa kimoja kimoja. Vipuri vya ndani vimebandikwa alama ya QR ambayo ukiielekezea simu inakufungulia maelezo ya kipuri hicho, na bisibisi ya kazi nzima huja pamoja na kompyuta. Ilipata alama 10 kati ya 10 kutoka kwa iFixit, wanaopima urahisi wa kutengeneza vifaa. Bodi za vizazi vilivyofuata, za Intel na za AMD, zinaingia katika kasha lile lile la nje la mwaka 2021, na hapo ndipo thamani ya mashine hii ilipo.

Ndugu zake ni wawili. Framework Laptop 16, iliyoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2024, ni kubwa na nzito, ina nafasi ya moduli (kipande cha kuchomeka) ya kuchakata picha nyuma yake, na sehemu yote ya juu ya kuandikia hupangwa upya bila bisibisi. Framework Laptop 12 ya mwaka 2025 ni ndogo, ina kioo cha kugusa kinachopinduka hadi mgongoni na kinachopokea kalamu. Haina taa chini ya kibodi wala kisoma alama za vidole, ina nafasi moja tu ya kumbukumbu, na diski yake ni ile fupi ya M.2 2230. Mtu akizoea kuandika gizani umeme ukikatika, kukosa taa ya kibodi kutamsumbua kuliko anavyodhani akiwa dukani.

Ukoo wa pili ni MNT Reform ya Berlin, ambayo michoro yake yote iko wazi kwa umma. Ni mashine ya wapenzi wa ufundi zaidi kuliko watu wa ofisi: nene, ya polepole, yenye kibodi ya swichi za kimekanika, na mnunuzi huchagua kati ya padi ya kugusa na mpira wa kuviringisha. Betri yake ni seli nane za 18650 ambazo huchomolewa moja moja. Hapa pana onyo la lazima. Seli hizo ni za aina ya LiFePO4, zenye volti 3.2, ilhali zile za ukubwa huo huo zinazotolewa kwenye tochi na hifadhi za umeme za simu huwa na volti 3.6 au 3.7 na huchajiwa hadi 4.2. Kulingana kwa umbo kusikudanganye, usizichanganye kabisa.

Ukoo wa tatu haustahili jina la moduli kwa maana kamili, lakini kwa watu wengi wa Tanga ndio ninaoupendekeza: mashine za ofisi za mtumba ambazo bado zinafunguka, na hasa Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ina nafasi mbili za kumbukumbu ya DDR4, diski inayobadilishwa, kibodi inayotoka peke yake, na betri mbili: moja ya ndani ya saa-wati 24 na nyingine ya nyuma ambayo huchomolewa huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi. Betri hiyo ya nyuma hupatikana kwa ukubwa wa saa-wati 24, 48 au 72, na ukiwa na mbili, moja ndani na moja kwenye mkoba, umeme unaweza kukatika jioni nzima bila kazi yako kusimama. Ukiipata, jambo la kwanza ni kusasisha programu ya ndani ya kidhibiti cha Thunderbolt, kwa sababu Lenovo ilitoa sasisho la kuzuia hitilafu inayoua tundu la USB-C. Spea zake ziko nyingi kwa kuwa mashine zenyewe ziliuzwa kwa wingi maofisini, na fundi anayekwenda Kariakoo anaweza kurudi na kibodi yake kwa basi la jioni.

Kwa hiyo uamuzi wa hatua hii hautegemei ipi ni bora kwa jumla. Kama una ndugu au rafiki nje ya nchi anayekuja nyumbani mara kwa mara, Framework inafaa na itakaa nawe miaka mingi. Kama huna, nunua mashine ambayo spea zake ziko Dar es Salaam.

Hatua ya tatu: Chagua kibodi na vifaa vya kuingizia

Hapa ndipo wanunuzi hupita haraka, nami nitakaa, kwa kuwa kibodi ndiyo inayoguswa saa zote na ndiyo inayokufa mapema kwenye hewa yetu.

Anza na mpangilio wa herufi. Mtumba mwingi unatoka Ulaya, na mashine zilizotumika Ujerumani zina herufi Y na Z zilizobadilishana nafasi, hali kwa Mwingereza ni usumbufu mdogo lakini kwa anayeandika Kiswahili ni balaa, maana Y na Z ziko katika kila mstari. Mwandishi aliyezoea kuchapa bila kutazama akiandika «nyumba yangu» atapata «nzumba zangu». Kibodi ya Kifaransa ni kali zaidi, kwa sababu A iko mahali pa Q na M imehamishiwa kulia kwa L. Mikono iliyozoea ikichapa «mama», kioo kinaonyesha «,q,q». Zipo njia tatu za kutoka hapo. Ya bure ni kubadilisha mpangilio kwenye mipangilio ya kompyuta uwe wa Kiingereza cha Marekani na kuacha kuyatazama maandishi ya vitufe; ya bei ndogo ni kununua vibandiko vya herufi; ya kudumu ni kubadilisha kibodi yenyewe. Ukiwa na Framework, swali hili hulijibu siku ya kuagiza, kwa kuwa kibodi zake huuzwa kwa mipangilio ya lugha nyingi, na ipo hata isiyo na maandishi yoyote. Hiyo isiyo na maandishi inawafaa wale wanaoandika Kiswahili na Kiarabu kwa zamu, kwa sababu unaweza kubandika herufi za pande zote mbili bila kulundika vibandiko juu ya maandishi mengine.

Kati ya mpangilio wa Marekani na wa Uingereza, tofauti ni ndogo ila zinaudhi: alama ya @ na alama za kunukuu zimebadilishana, na kitufe cha Enter kina umbo tofauti. Chagua ule uliouzoea shuleni au ofisini, kisha usiuhame.

Zipo pia hitilafu ambazo si za kibodi hata kidogo, nayo hii hapa nakutana nayo kila mara. Mtu analeta mashine akisema kitufe cha ritifaa ni kibovu: akiandika «ng'ombe» anapata «ngómbe», na «ng'ambo» inageuka «ngámbo». Kibodi ni nzima. Kompyuta imewekewa mpangilio wa Kimarekani wa Kimataifa, ambao huichukulia ritifaa kuwa alama ya mkazo na kuisubiri irabu inayofuata ili iikalie kichwani. Nenda kwenye mipangilio ya lugha na kibodi, ondoa huo wa Kimataifa, weka wa Marekani wa kawaida, na ng'ombe atarudi zizini. Mtu asije akakuuzia kibodi mpya kwa tatizo hilo.

Baada ya herufi fikiria tarakimu. Mhasibu asiyekuwa na safu ya namba pembeni hupoteza muda mwingi, na hapa Framework Laptop 16 ina jibu ambalo mashine nyingine hazina. Sehemu yake ya juu imegawanywa katika moduli zinazoshikwa kwa sumaku: kibodi inaweza kukaa katikati, kushoto au kulia, na nafasi inayobaki ukaweka safu ya namba, kidude cha vitufe vya njia za mkato, taa za mapambo, au kipande kitupu cha kuziba. Anayeandika kwa mkono wa kushoto anaiweka safu ya namba kushoto. Kibodi hizo zinaendeshwa na programu huria ya QMK, kwa hiyo kila kitufe kinaweza kupewa kazi nyingine, na mpangilio huo hukaa ndani ya kibodi yenyewe. Hauondoki ukiweka upya mfumo wa kompyuta. Kazi moja inayofaa kwa Kiswahili ni kukipa kitufe kimoja kazi ya kuandika «ng'» nzima kwa mguso mmoja.

Lakini usinunue mashine ya inchi 16 kwa ajili ya safu ya namba pekee. Safu ya namba ya nje yenye waya wa USB hufanya kazi hiyo hiyo kwa sehemu ndogo sana ya gharama, na ikiingia mchanga unanunua nyingine bila kumwita fundi. Ni vivyo hivyo kwa kibodi ya nje ya kimekanika: ukiwa na meza ya kudumu, mpe kibodi ya nje kazi nzito na uiache ya ndani kwa ajili ya safari.

Kuhusu kusogeza kishale, ThinkPad ina kile kinundu chekundu katikati ya kibodi, ambacho wengi hukipuuza hadi siku jasho la vidole litakapoifanya padi ya kugusa ikatae kutii wakati wa joto la kaskazi. Kinundu hakijali jasho, na kofia yake ya mpira hubadilishwa kwa kuivuta juu. Mpira wa kuviringisha, uwe wa MNT au wa nje wa Kensington au Logitech, unawafaa wenye maumivu ya kifundo cha mkono, ila unataka kusafishwa mara kwa mara kwa sababu vumbi hukusanyika kwenye vishikizo vyake.

Hatua ya nne: Panga matundu

Framework hutumia kadi ndogo zinazochomekwa pembeni, nne kwa Laptop 12 na 13 na sita kwa Laptop 16. Kila kadi ndani yake inaingia kwenye tundu la USB-C, na nje inatoa unachotaka: USB-C, USB-A, HDMI, DisplayPort, kisoma kadi ya kumbukumbu, waya wa mtandao, au hifadhi ya ziada. Faida yake kubwa ni kwamba tundu linalochakaa ni la kadi, wala si la bodi kuu. Kwa matumizi ya hapa ningechukua USB-C mbili, moja ya chaji na ya pili ya akiba, USB-A moja kwa kuwa flashi bado hazijastaafu, na HDMI moja kwa ajili ya projekta za kumbi na madarasa. Kadi ya waya wa mtandao ni kwa mwenye kazi nayo tu. Inachomoza nje ya ubavu na haipendi mkoba uliobana.

Angalia jambo moja kabla ya kupanga: matundu yote hayalingani kwenye kila bodi. Kwenye bodi za Intel za Laptop 13 za vizazi vya mwanzo, yote manne yana uwezo mmoja, lakini kwenye bodi ya AMD Ryzen 7040 matundu ya nyuma, kushoto na kulia, ndiyo yenye USB4, yaani USB ya kasi kubwa, na si kila tundu la mbele linatoa picha. Ukichomeka HDMI na projekta ikabaki nyeusi, ihamishe kadi kabla ya kuilaumu projekta.

Chaji ni kwa USB-C. Laptop 13 huja na chaja ya wati 60, na T480 nayo hukubali chaja za USB-C za wati 45 au 65. Mwenye sola nyumbani anaweza kuchajia moja kwa moja kutoka kwenye betri ya volti 12 akitumia chaja ya gari ya USB-C yenye wati 65 inayounga mkono utaratibu wa chaji wa PD (Power Delivery), bila kuwasha inveta inayokula umeme wake yenyewe. Laptop 16, ambayo chaja yake ya kwanza ilikuwa ya wati 180, usiitegemee kwa njia hiyo ukiwa na kazi nzito.

Hatua ya tano: Agiza kwa mpangilio

Framework huuza moja kwa moja kwa nchi zilizoorodheshwa kwenye tovuti yake, nyingi zikiwa za Amerika Kaskazini na Ulaya, kwa hiyo mtu wa Tanga hupitia kwa ndugu au wakala. Agiza mashine bila kumbukumbu na bila diski ukitaka kupunguza gharama, kisha vitafute vyenyewe hapa nchini, ukiwa umeandika aina kamili: bodi za Intel za kizazi cha 11 hadi 13 za Laptop 13 hutumia DDR4, ilhali Ryzen 7040 hutumia DDR5, na moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Pamoja na mashine agiza vitu vitatu vya akiba: kadi moja ya USB-C, betri ikiwa unakusudia kukaa nayo muda mrefu, na kibodi.

Betri ya akiba anayeileta msafiri iwe kwenye mzigo wa mkononi, isiwekwe kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, na viunganishi vyake viwe vimezibwa. Kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege bila kuomba kibali ni saa-wati 100. Betri ya Laptop 13, ya 55 au 61, na ya Laptop 16, ya 85, zote ziko chini ya hapo. Anayeleta kwa njia ya wakala wa mizigo ajiandae kwamba wengine hukataa betri iliyo peke yake.

Chaja nayo uangalie plagi yake. Ukiletewa ya Marekani, tafuta waya wenye plagi ya pini tatu bapa badala ya kuning'iniza adapta inayolegea ukutani.

Hatua ya sita: Ifungue

Tafuta meza safi yenye mwanga, zima feni ya mezani isirushe skrubu na vumbi, na uguse chuma kisicho na rangi kabla ya kugusa bodi ili umeme tuli ukutoke. Kwenye Laptop 13, zima mashine, chomoa chaja, ipindue na ulegeze skrubu tano za Torx T5 zilizo chini. Hazitoki kabisa, zimefanywa hivyo ili zisipotee. Igeuze, fungua kioo, na uinue kava ya kibodi kuanzia kona. Inashikwa kwa sumaku, na chini yake kuna waya mwembamba wa padi na kibodi ambao hukatwa na wenye haraka. Inua kidogo, tazama, chomoa kiunganishi kwa kukivuta juu, ndipo uiondoe kava yote. Baada ya hapo chomoa betri. Utaratibu huu wa betri kwanza hauna msamaha, hata kama unabadilisha kitu kidogo kama kadi ya Wi-Fi.

Kumbukumbu huingia kwa mshazari, unaisukuma hadi meno ya dhahabu yasionekane, kisha unailaza mpaka vibanio viwili vya chuma vilie. Diski ya M.2 nayo huingia kwa mshazari na hushikwa na skrubu moja. Ukiwasha mara ya kwanza baada ya kuweka kumbukumbu mpya, hasa DDR5, kioo kinaweza kubaki cheusi kwa dakika moja au zaidi huku mashine ikijizoesha na kumbukumbu hiyo. Ngoja. Wengi huizima hapo, huifungua tena, na huharibu kitu kilichokuwa kizima.

Kibodi ya Laptop 13 ina njia mbili. Ukinunua kava nzima iliyo na kibodi na padi, unachomoa waya mmoja na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Ukinunua kibodi peke yake unaokoa fedha, lakini zipo skrubu ndogo zaidi ya 50 za kufungua na kurudisha, na hiyo ni kazi ya siku tulivu isiyo na wateja wala watoto. Kwa T480, unafungua mfuniko wa chini, unalegeza skrubu mbili zinazoshika kibodi, unaisogeza kuelekea kwenye kioo, na inanyanyuka.

Hatua ya saba: Badilisha bodi kuu muda ukifika

Usiibadilishe kwa sababu toleo jipya limetoka. Ongeza kumbukumbu kwanza, badilisha diski, safisha feni, na kama bado mashine haiwezi kazi yako ndipo ufikirie bodi. Ukitoka kwenye bodi ya DDR4 kwenda ya DDR5, weka bei ya kumbukumbu mpya kwenye hesabu tangu mwanzo. Bodi mpya ya Laptop 13 huja na feni na kipoozi chake, kwa hiyo huhitaji kupaka pesti ya kupitisha joto. Piga picha ya ndani kabla ya kuchomoa chochote. Waya za antena za Wi-Fi ndizo zinazochosha, kwani vichwa vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele na hutaka kubonyezwa wima, bila kuzungushwa.

Utunzaji katika hewa ya bahari

Chumvi inayokuja na upepo hutua kwenye viunganishi, huvuta unyevu, na shaba huanza kuota ukijani. Nyumba za Raskazone zilizo karibu na maji huona hali hiyo mapema kuliko za Kange, nazo za upande wa Pongwe zina vumbi lao la chokaa. Wakati wa masika na vuli fungua mashine, tazama viunganishi, na usafishe penye ukijani kwa brashi laini na spiriti ya isopropili yenye ukali wa asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kufutia vidonda ina maji mengi na huenda ina mafuta, wala manukato hayana kazi hapo. Kadi za pembeni zichomoe pia, maana unyevu hukaa nyuma yake.

Joto nalo huzeesha betri iliyojaa. Framework ina mpangilio kwenye BIOS, programu ya ndani inayoiamsha mashine, wa kusimamisha chaji kwenye asilimia unayotaka, na ThinkPad inao kupitia programu yake. Mashine inayokaa kwenye chaja kutwa iwekee kikomo cha 80. Umeme ukirudi kwa nguvu baada ya kukatika, chaja ndiyo hupokea pigo la kwanza, hivyo ipitishe kwenye kilinda-umeme, na umeme ukikatika ichomoe mpaka utulie.

Bodi ya zamani uliyoitoa usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Bodi za Framework zinaweza kuwaka bila betri wala kioo, kwa chaja ya USB-C na kumbukumbu tu, baada ya kuruhusu matumizi ya kusimama peke yake kwenye BIOS, na kampuni ya Cooler Master ilitengeneza kasha lake maalumu. Michoro ya vipimo vyake iko wazi, kwa hiyo seremala wa Makorora anaweza kukutengenezea la mbao, akiacha nafasi ya feni kuvuta hewa. Ichomeke kadi ya HDMI kwenye televisheni ya zamani, kibodi ya USB mezani, na duka lako litakuwa na kompyuta ya kuandikia hesabu. Bodi ya kizazi cha 11 iliyokaa kabatini muda mrefu ikikataa kuwaka, iache kwenye chaja kwa saa 24 kwanza, kwa sababu betri yake ndogo ya saa ikiisha kabisa huizuia bodi yote kuamka. Ikishindwa hata baada ya hapo, betri hiyo ndogo ndiyo ya kubadilisha.